Niko Naye Hapa

Simu iliita wakati Ignatio ameinama juu ya gunia la usipa pale sokoni Kitai, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, akimwonyesha mteja kwamba samaki wa chini ni wale wale wa juu na hakuna mchanga uliofichwa. Namba ilikuwa ya Mama Rodrick, jirani yao kule Kihagara. Alijua ni mkewe. Tangu simu ya Ottilia ilipodondoka ziwani, alikuwa anaazima ya jirani, na kila safari Ignatio aliahidi kurudi na nyingine.

"Baba Lidia," Ottilia alisema bila hata salamu, "mtoto bado anachemka. Ile dawa ya zahanati inashusha kidogo, kisha inapanda tena. Leo hata ziwa analikataa. Na kichwa chake sikielewi."

"Hukielewi vipi?"

"Hapa juu, kwenye utosi. Sijui nisemeje. Naona kama..."

"Kaka, unauza au unaongea na simu?" mteja aliuliza.

Ignatio alimpungia mkono asubiri. "Si walimpima malaria jana, wakasema hana?"

"Hana."

"Basi meno hayo."

"Sidhani. Nitumie namba ya yule nesi wa watoto wa Mbinga, nimweleze mwenyewe kabla Mama Rodrick hajaenda shamba na simu yake."

"Ya nini kumsumbua mtu na simu yake? Nampigia mimi sasa hivi, halafu nakupa majibu."

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye nafasi yake. Siku ya kliniki, wauguzi wa watoto kutoka hospitali moja ya Mbinga waliteremka Kihagara na kuwapa wazazi namba ya kupiga au kutuma picha pale mtoto anapougua, ili wasikae gizani wala wasipande mlima bure. Waliokuja kujiandikisha wote walikuwa akina mama, isipokuwa Ignatio peke yake. Nesi Mwanahawa alimsimamisha mbele ya wote akasema, "Mmemwona Baba Lidia? Wangekuwa kumi kama huyu, sisi tungekosa kazi." Akina mama walipiga makofi. Tangu siku hiyo Ignatio alipiga ile namba kwa mafua, kwa upele, hata kwa kwikwi, na kila mara Mwanahawa alimpokea kwa jina. Hakuna mtu mwingine mwenye kazi ya ofisini aliyelijua jina la Ignatio.

Alisogea nyuma ya kibanda cha chipsi, akapiga.

"Baba Lidia! Habari za ziwani?"

"Nzuri, sista. Mtoto ndiye ana homa tangu juzi. Zahanati wamempima malaria, hana."

"Pole. Uko naye hapo?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda yenyewe. Angeweza kusema, hapana, niko Kitai, mama yake ndiye aliye naye, ngoja nikupe namba ya jirani. Yalikuwa maneno mepesi. Lakini aliona aibu kuonekana baba wa kupiga simu akiwa sokoni, kama wale wengine, na ulimi ukatangulia.

"Niko naye hapa."

"Vizuri. Washa video nimwone."

"Mtandao wa huku si unaujua, sista."

"Basi nijibu taratibu. Ananyonya?"

"Ananyonya, ila kidogo."

"Anacheza?"

"Sasa hivi amelala. Asubuhi alicheza."

Konda wa basi alipita akipiga ubavu wa gari na kuita "Songea! Songea!" Ignatio aliifunika simu kwa kiganja mpaka basi likapita.

"Sasa weka mkono juu ya utosi wake, polepole, usimwamshe," Mwanahawa aliendelea. "Uko bapa, umebonyea, au umejaa?"

Ignatio aliutazama mkono wake. Ulikuwa na magamba ya usipa yaliyokauka mpaka kwenye kucha.

"Uko sawa."

"Umegusa?"

"Nimegusa."

"Shingo inakunjika? Kidevu kinafika kifuani?"

"Kinafika."

Mwanahawa alishusha pumzi. Alisema huenda ni homa ya virusi, waendelee na dawa ya zahanati, wamnyonyeshe mara kwa mara. "Lakini nisikilize vizuri. Akikataa ziwa kabisa, akistuka-stuka, au utosi ukijaa, usinipigie mimi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Sawa, baba?"

"Sawa, sista. Mungu akubariki."

Aliporudi kwenye magunia, mteja alikuwa bado amesimama na mwingine ameongezeka. Alimpigia Mama Rodrick huku anapima.

"Nesi amesema ni homa ya kawaida," alimwambia mkewe. "Endelea na dawa, mnyonyeshe."

"Ulimwambia kuhusu utosi?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema uko sawa."

Ignatio alimsikia mtoto nyuma ya mama yake, si kwa kilio cha kawaida, bali chembamba kama cha paka aliyefungiwa nje.

"Haya," Ottilia alisema. "Kama nesi amesema."

* * *

Degedege lilimshika Lidia jioni ile. Ottilia alimfunga mgongoni, akapakiwa kwenye pikipiki hadi zahanati, na kabla hakujapambazuka alikuwa amefikishwa Mbinga kwa gari la wagonjwa. Ignatio alizipata habari asubuhi, akaacha mzigo uliobaki kwa mwenzake, akadandia gari la kwanza.

Aliwakuta wodini. Mtoto alikuwa amelala chali, mpira wa maji umefungwa kichwani kwa plasta, shingo imekakamaa kama ya kinyago. Daktari, kijana mwenye macho yaliyokosa usingizi, aliwaambia ni homa ya uti wa mgongo. Dawa zimeanza. Atapona, Mungu akipenda, lakini ugonjwa huu hauondoki hivi hivi, una mazoea ya kuacha alama.

"Utosi ulikuwa umejaa kiasi hiki, mama, na mkakaa nyumbani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyechoka kuuliza swali hilo.

"Hatukukaa," Ottilia alijibu. "Tulimpigia simu nesi wenu. Akasema uko sawa."

Daktari aliinua uso. "Nesi gani?"

Ottilia alimgeukia mumewe amtaje. Ignatio akawa anatafuta kitu mfukoni, kitu ambacho hakikuwamo. Ikabidi Ottilia amtaje mwenyewe.

Mwanahawa alikuja mchana. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema, "Mama Lidia, pole sana." Ottilia aliugeuzia ukuta uso wake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitazama, na nesi yule mwenye kucheka na kila mtu akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Ignatio alimfuata kwenye korido, kwa sababu kukaa kulikuwa kugumu zaidi.

"Baba Lidia," Mwanahawa alisema kwa sauti ya chini, "uliniambia umegusa."

Ile ilikuwa nafasi yake ya pili, na haikuwa na mteja wala konda. Ilikuwa korido tupu yenye harufu ya dawa ya kuoshea sakafu.

"Niligusa, sista. Ila mimi si mtaalamu. Labda sikujua uliojaa unakuwaje."

Mwanahawa alimtazama, kisha akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli. Ungejuaje? Mimi ndiye niliyepaswa kukataa kumpima mtoto kwa maneno."

Ignatio akasema, "Pole na kazi." Maneno hayo yalikuja kumsumbua baadaye kuliko uongo wenyewe.

* * *

Lidia alipona. Ndivyo watu wa Kihagara walivyosema, na Padre akasoma misa ya shukrani. Alirudi kunyonya, akarudi kucheka, akaanza kujiinua kwa kushika viti.

Kisha ilikuja mvua ya ziwani, ile inayofika kwa mkupuo, ikaangukia mabati kama lori linalomwaga kokoto. Mama Rodrick, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, alipiga kelele na kuziba masikio. Kuku walikimbilia mvunguni. Lidia alikuwa amekaa katikati ya chumba anachezea kifuniko cha sufuria, mgongo ameupa mlango. Hakustuka. Hakuinua hata kichwa.

Ottilia alitupa macho juu kwenye bati, kisha kwa mtoto. Alimwita. Alimwita kwa nguvu kushinda mvua. Akachukua mwiko na kupiga sufuria nyuma ya kisogo cha mtoto, akapiga mpaka mwiko ukavunjika, na Lidia akaendelea kukizungusha kifuniko chake taratibu.

Ignatio aliyaona yote hayo akiwa mlangoni, maji yanamtiririka. Hakuingia.

Tangu siku hiyo hasira ya Ottilia ilipata jina, na jina hilo lilikuwa Mwanahawa. Alilitaja kisimani, akalitaja kwenye jumuiya ya kanisa, akalitaja siku ya kliniki mbele ya akina mama waliobeba watoto. "Namba ile ifuteni. Mtu amekaa Mbinga, hajamwona mtoto, anakuambia utosi uko sawa! Wangu sasa ni kiziwi." Wanawake walifuta. Mmoja wao mtoto wake alibanwa na kifua, akaogopa kupiga, akakaa naye mpaka kifua kikawa kinabonyea ndani. Aliokolewa kwa bahati tu. Ignatio alisikia habari hiyo akiwa kwa kinyozi. Povu lilikuwa limepakwa nusu ya uso wake, akamwambia kinyozi aliache hivyo hivyo, akatoka nje.

Usiku alikuwa akijiandaa kusema. Mchana alikuwa akimtazama Ottilia anavyomlisha mtoto, mdomo umekazwa, na maneno yakarudi tumboni. Alijiambia kwamba kusema hakutamrudishia Lidia masikio. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimfaa sana.

Ottilia alipeleka malalamiko kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji akayapandisha, na baada ya muda wakaitwa Mbinga, wote wawili.

"Baki wewe na mtoto," Ignatio alimwambia. "Safari ndefu, nitakwenda mimi kutuwakilisha."

"Safari hii siwakilishwi," Ottilia alijibu.

* * *

Ofisi ya Matroni wa hospitali ilikuwa na viti vitatu. Matroni, mama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alikaa kimoja. Ottilia na mtoto walikaa cha pili. Ignatio alikaribishwa cha tatu, akabaki mwenye kiti wakati Mwanahawa amesimama ukutani, mikono ameishika kwa mbele kama mwanafunzi aliyekosa.

"Sista Mwanahawa ameshatueleza," Matroni alianza. "Ametolewa kwenye simu, na atahamishwa kutoka wodi ya watoto. Lakini ameomba aseme na mama mwenyewe."

Mwanahawa alikuwa ametayarisha maneno, ilionekana, lakini yakampotea. "Mama Lidia, nilijibiwa maswali yote nikaridhika. Nilipaswa kudai kuisikia sauti yako. Nilipaswa kusema mleteni, basi. Nina mtoto pia. Nisamehe."

Lidia alivuta kamba ya shanga ya mama yake. Ottilia alikuwa amekuja na hasira ya kutosha siku nzima, na sasa mtu aliyemkasirikia alikuwa analia mbele yake bila kujifuta. Aliinamisha uso.

"Mimi nimechoka, dada," alisema mwishowe. "Nimekusikia. Yaishe."

Matroni alivua miwani. "Tunashukuru, mama. Baba, una la kuongeza?"

Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyemuuliza Ignatio alikuwa wapi siku ile, na hakuna ambaye angeuliza tena. Alihitaji tu kusema hapana, asante, na wangeteremka ziwani wakiwa watu waliokosewa.

"Mimi sikuwepo," alisema.

"Hukuwepo wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa Kitai nauza usipa. Sista aliponiuliza kama niko na mtoto, nilisema niko naye."

Mwanahawa aliacha kulia ghafla, kama bomba lililofungwa. "Na utosi?"

"Sikugusa."

"Shingo?"

"Sikugusa chochote, sista. Nilikuwa nyuma ya kibanda cha chipsi."

Mwanahawa alitafuta kiti kwa mkono, na hakikuwapo, akaegemea ukuta. "Nilimsikia konda," alisema. "Nilimsikia anaita Songea. Nikajiambia ni redio. Nimelala na sauti ile, nimeamka nayo." Kisha sauti yake ikapanda. "Na kwenye korido! Ulisimama pale ukaniangalia usoni, Baba Lidia, ukaniacha niondoke na lawama yako!"

Ignatio hakuthubutu kugeuka upande alipokaa mkewe. Alisikia tu shanga zikidondoka moja moja sakafuni, maana Lidia alikuwa amekata kamba, na hakuna aliyeinama kuziokota.

* * *

Nje, penye kivuli cha ukuta, Ottilia alimfunga mtoto mgongoni kwa utulivu uliomtisha Ignatio kuliko kelele. Alikaza kitenge, akakifungua, akakaza tena.

"Nilikuuliza kama umemwambia kuhusu utosi."

"Uliniuliza."

"Ukasema amesema uko sawa."

"Nilisema."

"Mchana kutwa mimi ndiye niliyekuwa naye," Ottilia alisema. "Mikono yangu ilikuwa inaniambia. Nilikuwa nimeshafungasha nguo zake, Ignatio. Zilikuwa mlangoni. Nikazifungua, kwa sababu nesi amesema."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tangu Lidia azaliwe.

Aligeuka akarudi ndani, na kupitia dirisha Ignatio alimwona amepiga magoti mbele ya Mwanahawa, na Mwanahawa anamwinua kwa viwiko. Walikaa ndani muda mrefu. Ottilia alipotoka hakupita alipokuwa mumewe. Alishika njia ya stendi, akapanda gari la kwenda kwao, Namswea.

Ignatio aliteremka Kihagara peke yake. Siku ya kliniki iliyofuata alikwenda, akasimama mbele ya wale wale waliompigia makofi, akawaeleza alichosema na alikokuwa. Hawakumzomea. Mwanamke mmoja alicheka kwa mshangao, kisha akaziba mdomo. Mama Rodrick alimtazama akasema, "Na simu yangu ndiyo uliyoitumia kumdanganya mwenzio." Halafu wakaanza kuulizana nani bado anayo namba ya nesi.

Alinunua simu, akaituma Namswea kwa dereva. Ilipokelewa. Haikumpigia.

* * *

Alikwenda mwenyewe wakati wa kuchuma kahawa. Mama mkwe, Restituta, alikuwa kwenye chanja anachambua buni zilizooza. Ignatio aliinama kwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kuchambua. "Umefika."

"Nimefika, mama. Nimekuja kuwaona."

"Wapo. Huyu mwenzio anazungumza na yule nesi wa Mbinga kila Jumapili. Nesi amewatafutia mwalimu wa watoto wasiosikia huko Songea. Wewe mwenzio hakuulizii, na mimi simuulizi kwa nini." Alionyesha kigoda kwa kidevu. "Kaa."

Ignatio alikaa. Hakuletewa maji, na hakuyatarajia. Kilima kilishuka mbele yake chote kwa mashimo ya ngolo, yale ya kulimia mteremkoni, yamepangana kama sega la nyuki, mabua makavu ya mahindi yamesimama kwenye kingo zake. Ottilia alitokeza mlangoni na ungo. Alimwona. Akaendelea kupepeta.

Lidia alikuwa anatembea. Hakuna aliyemwambia Ignatio kwamba sasa anatembea. Alikuwa anamfuata kifaranga uwanjani, miguu imepanuka, mikono juu, na kifaranga alielekea ukingoni, pale uwanja unapokatika na shimo la kwanza la ngolo linapoanza.

"Lidia!" Ignatio aliita.

Mtoto aliendelea.

"Lidia! We Lidia!"

Sauti ile ilivuka uwanja, ikapita juu ya kichwa cha mtoto, ikateremka bondeni. Mbwa alibweka upande wa pili wa kilima. Ignatio aliinuka, kigoda kikaanguka, akakimbia, akamdaka kwa nyuma, mkono tumboni, wakati mguu mmoja wa mtoto umeshakanyaga hewa.

Lidia alipiga ukelele. Haukuwa kilio cha kuumia. Ulikuwa ukelele wa kiumbe kilichonyakuliwa bila kusikia hatua ikija, na sauti yake haikuwa na kupanda wala kushuka. Alirusha mateke, akamparua baba yake usoni, akajinyonga ili aone ni nani.

"Mweke chini," Ottilia alisema.

Alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, ungo mkononi, pumba zinapeperuka.

"Alikuwa anaanguka, Mama Lidia. Nimemwita..."

"Mweke chini. Si huko ukingoni, hapa."

Akamweka. Mtoto alikimbilia sketi ya mama yake akaficha uso. Ignatio alibaki amesimama, damu nyembamba shavuni, mikono haijui iende wapi. Alingoja afukuzwe. Alikuwa tayari.

Ottilia alikipapasa kisogo cha mtoto mpaka mabega yakaacha kutetemeka. Alipozungumza hakumtazama mumewe, alitazama bonde.

"Hashikwi kwa nyuma," alisema. "Anaogopa. Zunguka uje mbele. Chuchumaa, akuone kwanza."

Ignatio alizunguka. Alipita mbali, kwa hatua ndogo, akachuchumaa kwenye vumbi akiwa sawa na kimo cha mtoto. Alikaa hivyo. Magoti yalianza kumuuma, na Lidia alikuwa bado amefunika macho kwa sketi ya mama yake.